Abiria wa 4A

4 Februari

Mdogo wangu Teksi,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaitoa mdomoni, kwa hiyo naipokea kabla haijachelewa kama mwenyewe. Hapa wote wazima. Shemeji yako bado anauza dawa za kichwa dukani kwake na bado kichwa kinamuuma kila Jumatatu, mganga hajigangi. Mpwa wako ameng'oka jino la mbele, amelifunga kwenye karatasi, na anasema atalionyesha kwa Bibi tu. Sisi wengine eti tumeshaona vya kutosha.

Sasa kaa chini. Nimepata mstari wa nne. Juzi asubuhi mkuu wa marubani alinibandika mistari mabegani, akanipa mkono, akatazama saa ya ukutani, akasema, "Hongera, Kapteni. Safari yako ni saa mbili, na unajua haingoji mtu." Sherehe ikaishia hapo. Kwetu hata pongezi zina ratiba.

Unakumbuka alivyosema Mama siku ninaondoka kwenda chuo cha urubani: "Ukipata mistari minne nitapanda ndege yako. Kabla ya hapo msinisumbue." Imepita miaka kumi na mbili na hajapanda ndege ya mtu yeyote, hata yako, na wewe unailaza dakika kumi kutoka mlangoni kwake. Nilimpigia kumpa habari. Akasema, "Neno ni neno." Basi nimemkatia tiketi ya tarehe 3 Machi, kiti 4A, dirishani, mbele ya bawa ili lisimzibie. Nitatua kwenu asubuhi, ndege itakaa dakika thelathini na tano, tutaondoka saa nne na dakika tano, na Mama atakuwa ndani. Nimefurahi mpaka naona haya.

La pili: kampuni inatafuta marubani wasaidizi wanne, na nimekutaja. Fikiria. Utavaa shati lililopigwa pasi na halitachafuka. Hutapakia mizigo, hutafagia matope ya abiria, hutafukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia ukiwa na miaka thelathini na tatu na leseni mfukoni. Utajua leo utakapokuwa Jumanne ya mwezi wa nne. Na utaacha hiyo teksi ya angani, kazi ya kukaa chini ya bawa unamngojea mteja aliyesema "nusu saa tu." Ngoja ngoja yaumiza matumbo, mdogo wangu.

Barua naiacha kwa Mzee Mawingu wa ofisi ya hali ya hewa, kama siku zote. Ningeweza kukupigia simu, lakini tulilelewa kwamba simu ni ya salamu na ya msiba, na jambo la maana huandikwa.

Dada yako,
Dereva wa Basi


19 Februari

Dada Kapteni,

Shikamoo, na tena shikamoo, moja kwa kila mistari miwili. Nilipoisoma barua yako nilipiga kelele ndani ya ofisi ya hali ya hewa, Mzee Mawingu akamwaga chai juu ya utabiri wa siku nzima. Amekusamehe. Anasema hata hivyo utabiri wenyewe haukuwa sahihi.

Nimekawia kujibu kwa sababu nilikwenda kumngoja mtu, najua utacheka. Daktari wa mifugo alinikodi kwenda kuchanja ng'ombe. Alisema saa mbili, zikawa siku mbili, maana ng'ombe hawajui kusoma saa. Nilikaa chini ya bawa, nikafua soksi, nikacheza bao na mlinzi wa kiwanja, nikafungwa mara kumi na nne. Unaiita kazi ya kungoja na hukukosea. Lakini wakati wa kurudi daktari alikaa kando yangu, akaniomba nipite juu ya shamba alilozaliwa, nikapita, akalia. Wewe abiria wako wanakujua kwa sauti tu, inayowaambia wafunge mikanda. Mimi wangu ninawapima kwa mizani mmoja mmoja, najua kilo zao na wengine najua mpaka madeni yao. Subira yavuta heri, Dada.

Kuhusu hiyo nafasi, asante. Nitajibu.

Mama anajiandaa. Begi ni dogo, la mkononi, hataki kulitoa mbele ya macho yake. Amelifunga na kulifungua mara nne. Gauni la bluu limepigwa pasi mpaka linang'aa. Ameniamuru nimfikishe uwanjani saa moja asubuhi. Nikamwambia, "Mama, ndege inaondoka saa nne." Akaniangalia kama nimekuja shule bila daftari. Unamjua mwalimu mkuu wetu: hata akistaafu, lango lake kichwani linafungwa saa moja kamili.

Ananiuliza maswali pia. Jana, tunakunywa chai, aliniuliza nani anaufunga mlango wa ndege. Nikamweleza. Akauliza, "Na ukishafungwa, mtu akitaka kutoka?" Nikamwambia hakuna anayetaka kutoka. Akasema, "Nauliza tu," akaenda kuangalia jiko ambalo lilikuwa limezimwa.

Mimi siku hiyo nina safari ya asubuhi, kwa hiyo nitamshusha mlangoni na kukimbia. Utanisalimia Mama huko juu.

Mdogo wako,
Teksi


12 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini kimya chako ni cha kazi tu. Siku tisa sasa. Mzee Mawingu anasema ndege yako imepita hapa mara sita na wewe hujashuka hata mara moja; karatasi ya hali ya hewa unamtuma rubani msaidizi aje kuichukua. Anauliza kama amekukosea.

Tarehe 3 nilirudi jioni, nikamkuta Mama ameketi jikoni na gauni la bluu, begi juu ya meza, bado limefungwa. "Nilichelewa," alisema. Alinimiminia chai, akaniuliza kama nimenawa.

Mpaka leo ni hivyo. Anapanda maua yake, anasahihisha magazeti kwa kalamu yake nyekundu, anampigia mpwa wangu simu kuulizia jino. Jina lako analitaja kwa upole kuliko kawaida, na hilo ndilo linanitia wasiwasi.

Kulitokea nini?

Teksi


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako hajambo, mpwa wako hajambo, jino lingine linacheza. Mimi sijambo kwa macho ya watu.

Nitakwambia mara moja, na usiniulize tena. Siku ile nilifanya jambo ambalo kapteni hafanyi: nilitoka chumba cha marubani nikasimama mlangoni kuwapokea abiria. Nilitaka nimwone anapanda ngazi. Walipanda sitini na saba. Nilimsalimia kila mmoja, na kila mmoja nilimtazama nyuma ya bega lake. Mama hakuwepo.

Nikarudi kitini. Karani wa lango akaja akasema, "Kapteni, amebaki abiria mmoja, wa 4A. Tumemwita kwa kipaza sauti mara tatu. Hana mzigo tumboni mwa ndege." Unajua maana yake. Angekuwa ameandikisha hata sanduku moja, ingebidi tulitafute na kulishusha, ningepata dakika kumi za halali. Lakini begi alikuwa nalo mkononi. Nilitazama saa. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano, na hiyo ndiyo dakika yetu ya kufunga. Karani hakujua 4A ni nani. Akauliza, "Tufunge au tumpe nafasi kidogo?"

Nikasema, "Fungeni."

Sikufikiri. Ningefikiri labda ningesema neno lingine. Lilitoka lenyewe, kama lilivyokuwa linatoka kwake, kila asubuhi, kwenye lango la shule. Unakumbuka nilipokuwa darasa la tatu, kamba ya kiatu ikakatika njiani, nikafika saa moja na dakika moja? Alikuwa upande wa pili wa lango, funguo mkononi. Alinitazama. Nilijua ananipenda na nilijua hafungui. Nilisimama nje mpaka kipindi cha pili na watoto wote waliochelewa, na nyumbani hakuna aliyelizungumza.

Sasa nimemfanyia yeye. Mwanamke ambaye hajachelewa hata mara moja maisha yake yote anachelewa siku moja, na anayemfungia mlango ni mtoto wake. Angekuwa ameanguka chooni je? Angekuwa amezidiwa, anashika ukuta, anasikia jina lake? Mimi nilikuwa naijaza fomu ya kuondoka kwa wakati. Tuliondoka saa nne na dakika tano kamili. Rubani msaidizi alinisifu.

Nimempigia mara tatu tangu siku ile. Shikamoo, marahaba, mtoto hajambo, kwaheri. Kila mara nasema leo nitaomba msamaha, na kila mara ananiuliza kama nakula vizuri.

Niambie ukweli: amekasirika? Na niambie hili pia, bila kucheka. Huko kwenye ndege za kukodi kuna kiti? Nataka kazi ambayo mtu anaweza kumngoja mwenzake.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Shikamoo sana. Sijacheka. Nimesoma barua yako mara mbili nikiwa nimekaa juu ya kreti la vifaranga mia mbili waliokuwa wanakwenda kwa mteja, na hata wao walinyamaza, au nadhani hivyo.

Mama hajakasirika. Nilimwuliza uso kwa uso, nikamwambia unavyoteseka. Akaniambia jambo, kisha akaniapisha nisikwambie, mkono juu ya leso yake, kama alivyokuwa anatuapisha zamani. Unajua kiapo cha leso hakivunjwi katika nyumba yetu. Basi pokea nusu hii: hajakasirika, hakuanguka, hakuugua. Nusu nyingine imefungiwa.

Nikupe habari nyingine. Siku hizi Jumapili sina wateja wengi, namwambia Mama aje uwanjani anisaidie kungoja. Jumapili ya kwanza alileta kiti chake akakiweka mbali, karibu na ghala. Nikaosha ndege, yeye akasahihisha gazeti. Jumapili ya pili kiti kikaja chini ya bawa, kwa sababu ya jua, alisema. Alilipapasa bawa kwa kiganja akashangaa kuwa ni jembamba. Jana nikauacha mlango wazi, nikamwambia kiti cha ndege kina mto laini kuliko kile chake. Akaingia. Alikaa kiti cha nyuma saa nzima, mlango wazi, injini imezimwa, mguu mmoja nje kwenye ngazi. Nikamletea chai. Hatukuzungumzia kitu chochote cha kuruka.

Nilimweka kwenye mizani pia, nikamwambia ni sheria ya ndege ndogo, kila abiria anapimwa. Akasema uzito wake ni siri ya serikali. Tumekubaliana kwamba nitaandika nambari na yeye atafunika macho yangu wakati wa kuandika.

Kiti kwetu kipo, Dada. Lakini kama unakuja, uje kwa sababu unawapenda vifaranga, si kwa sababu unaukimbia mlango.

Mdogo wako,
Teksi


11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi Mama anapata hewa huko uwanjani, ingawa sielewi mtu anapata raha gani kwenye ndege isiyoondoka. Labda anaangalia kama unafanya kazi. Mpwa wako anamngoja na karatasi yake ya meno, sasa yako mawili.

Nusu uliyonipa nimeishika. Hakuanguka na hakuugua, Mungu ashukuriwe. Basi kilichobaki ni kimoja tu: alichelewa kidogo kama anavyochelewa binadamu yeyote, labda kwa dakika mbili, na alifika mlangoni akauona unafungwa, na amekuapisha usiniambie ili nisiumie. Ndiyo au siyo? Usinijibu. Najua huwezi.

Wiki iliyopita ilitokea tena, kwa mtu mwingine. Baba mmoja, koti mkononi, anakimbia kutoka lango la kuondokea. Nilimwona kupitia kioo. Mlango ulikuwa bado kidogo ufungwe, nikasema wamngoje. Akaingia, akanishukuru. Tukaikosa zamu yetu ya kuruka, tukakaa mwisho wa njia dakika ishirini na tano nyuma ya ndege nyingine nne. Huko tulikokuwa tunakwenda abiria tisa walikosa ndege zao za kuunganisha. Mama mmoja kati yao alinisubiri nje akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Kapteni, huyo uliyemngoja ni nani wako?"

Kwa hiyo siwezi kufunga na siwezi kungoja. Kapteni wa namna hiyo ni wa nini? Nimeandika barua ya kuacha kazi. Iko kwenye kabati, chini ya mashati. Haina tarehe. Nimejipa mpaka mwisho wa mwezi wa sita.

Usimwambie Mama.

Dada yako


12 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua hii Mzee Mawingu hakuishika, na amenuna. Inakujia kwa mkono wa abiria wa kiti 4A, safari ya tarehe 14, saa nne na dakika tano. Umesoma sawasawa. Tiketi ameikata mwenyewe, kaunta, wala hakuniambia mpaka alipokuwa nayo kwenye mkoba. Ameomba kiti kilekile. Aliambiwa kuna kiti 2C chenye nafasi ya kunyoosha miguu, akajibu, "Nimekwambia 4A."

Nikueleze ilivyokuwa. Jumapili iliyopita alikaa kiti cha mbele, kando yangu. Nikamwuliza, "Niwashe injini, Mama, nisikie inavyokwenda?" Akasema washa. Nikamwuliza, "Niisogeze mpaka mwisho wa njia?" Akasema sogeza. Tulipofika mwisho wa njia sikuuliza tena, nilikaa tu. Injini inanguruma, mbuzi hakuna, upepo hakuna, mwongoza ndege mnarani ananiuliza kama nimelala. Tulikaa dakika kumi na moja. Ndege yako ingekuwa imeshafika mawinguni. Mimi nilikuwa na Jumapili nzima.

Kisha Mama alifunga mlango wake mwenyewe. Aliuvuta, akausukuma kwa bega kuhakikisha, akasema, "Twende, unapoteza mafuta."

Tulizunguka uwanja mara moja, dakika nane. Alishika goti langu muda wote na alama za kucha zipo. Tulipopita juu ya shule, aliniachia goti. Aliitazama mpaka ikaisha. Akasema, "Lango wamelipaka rangi mbaya." Nilimshusha. Akakaa kwenye kiti chake chini ya bawa, akaniambia nimlete tena Jumapili ijayo, kisha akasema hapana, Jumapili ijayo ana safari.

Sasa lako. Unasema huwezi kufunga wala kungoja. Mimi nitakwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mwaka jana nilimngoja mteja mmoja kwa wema wangu, saa tatu zaidi ya tulivyopatana. Alikuwa mtu mzuri, aliniletea matunda. Baada yake nilikuwa nimekodiwa kupeleka karatasi za mtihani kwenye shule moja ya mbali. Zilifika saa nane mchana. Watoto walikuwa wamekaa madawatini tangu asubuhi na kalamu zimechongwa, tumbo tupu, hawathubutu kutoka. Kila ninayemngoja, Dada, kuna mwingine ambaye simwoni ninayemchelewesha. Wewe angalau wa kwako walikuja kukuuliza kwa adabu. Kwa hiyo usidhani huku kuna kazi isiyo na mlango. Wa kwangu hauna saa, basi.

Tarehe 3 Machi Mama alichelewa. Ndivyo alivyosema na ndivyo ninavyoandika, kwa heshima ya leso. Lakini ninaloweza kusema kwa kinywa changu ni kwamba nilimshusha pale uwanjani saa moja asubuhi.

Kuhusu nafasi ya kazi kwenu, nimekawia kujibu miezi minne, na hilo pekee lingetosha kuwaonyesha kuwa siwafai. Nimeshafikiri. Nakaa huku. Lazima awepo mtu wa kungoja, na mwingine wa kuondoka. Hiyo barua yako iliyo chini ya mashati iache hukohuko mpaka uzungumze na abiria wako.

Mdogo wako,
Teksi


15 Juni

Mdogo wangu, mjanja wewe,

Marahaba mara nne.

Nakurudishia barua yako ndani ya hii, uone ilivyofika. Bahasha uliibandika kwa mate tu, gundi hukuweka, nawe unajua fika kwamba hakuna karatasi yenye mwandiko wa mtoto wake iliyowahi kupita mikononi mwa yule mwanamke bila kusomwa. Kiapo hukukivunja. Ulikitega.

Jana, nilipoliona jina lake kwenye orodha ya abiria, nilisimama tena mlangoni, mistari minne na yote. Alikuwa wa kwanza kupanda ngazi. Gauni la bluu, begi mkononi, anashika reli kama anataka kuing'oa. Nikasema, "Shikamoo, Mama." Akasema, "Marahaba, Kapteni. Abiria wawili nyuma yangu wanazurura dukani, nimewaambia mlango unafungwa saa nne kasoro dakika tano." Walikuja mbio, wanahema, wanamtazama yeye kuliko mimi. Nilifunga kwa wakati.

Mhudumu aliniambia baadaye kwamba bibi wa 4A hakufungua macho mpaka tulipotulia juu. Kisha aliomba chai, akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, akasoma na kuandika mpaka tukaanza kushuka. Tulipotua alinipa bahasha mbele ya abiria wote, kama mtu anayegawa karatasi za majibu.

Sasa tazama ukurasa wako wa tatu. Pale ulipoandika "Mama alichelewa" amepiga mstari, na pembeni ameandika: "Si kweli. Nilikuwa nimekaa kiti cha kwanza karibu na lango tangu saa moja na robo. Jina langu nililisikia mara tatu. Niliogopa. Miguu ilikataa kunyanyuka. Mwalimu mkuu haogopi, ndiyo maana nilisema nilichelewa."

Nilisoma nikiwa bado ndani ya ndege, watu wakishuka, na nikalia bila kujificha. Miezi mitatu nimekuwa nikimwona amesimama nje ya mlango wangu, na kumbe alikuwa ameketi.

Chini kabisa, penye nafasi, amemwandikia mtu mwingine, yaani mimi: "Kiti changu kilikuwa kando ya dirisha la ukumbi. Karani aliniambia, mama, wamefunga. Nikatazama saa yangu. Saa nne kasoro dakika tano kamili. Nilikwambia siku ile moyoni, huyo ni wangu. Ungeningojea wangejua wote kwamba mama wa kapteni ni mwoga, na wewe ungekuwa kapteni wa mama yako tu. Lile la kamba ya kiatu nalikumbuka. Liliniuma miaka yote. Nisamehe." Wewe amekupa saba juu ya kumi. Amekata mbili kwa ujanja, na moja kwa ajili ya zile karatasi za mtihani.

Mpwa wako ameonyesha meno yote mawili na yamepita ukaguzi. Shemeji yako amepewa ushauri kuhusu kichwa chake. Mama atakaa wiki mbili, na tayari ameuliza ratiba yangu, ameibandika kwenye mlango wa jokofu na kuipigia mstari pale tunapokaa sana uwanjani.

Baada ya chakula aliniambia, "Mdogo wako ameandika kuhusu barua fulani chini ya mashati. Ilete." Nilimletea, nifanye nini? Aliweka miwani, akaisoma yote, taratibu, mbele yangu, na mimi nimesimama mikono nyuma kama wa darasa la tatu. Kisha akaigeuza, akaandika nyuma kwa wino mwekundu, akanirudishia. Nimeibandika jokofuni, kando ya ratiba. Ameandika hivi: "Umechelewa. Lango limeshafungwa, na wewe uko ndani."

Dada yako,
Dereva wa Basi